Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi: Jinsi ya Kupunguza Mwangaza wa Tochi

Hebu tuanze na jina. Sote twasema "kalamu ya risasi", lakini ukiivunja hutapata risasi hata chembe. Kile kiini cheusi ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha ikachomwa. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyepata hataza ya mchanganyiko huo mwaka 1795. Jina latudanganya, ila kilichomo kina faida: grafiti hupitisha umeme, udongo haupitishi. Kwa hivyo kiini hicho hupitisha umeme kwa shida, na shida hiyo ndiyo tunayoitaka leo.

Mbona tuitake? Kwa sababu tochi ya kawaida yajua mambo mawili tu: kuwaka na kuzimika. Ukitafuta kiatu chini ya kitanda usiku, mwanga wake wawaamsha wenzako wote, na betri nazo zinazidi kwisha. Betri si za bure, jamani!

Vifaa: betri kubwa 2 za volti 1.5 kila moja, balbu ya tochi ya volti 2.5 (ile yenye uzi ndani), nyaya 3 nyembamba za shaba, selotepu na penseli ya 2B. Balbu na nyaya utazipata kwa fundi wa redio. Chagua 2B kwani ina grafiti nyingi kuliko penseli ngumu za H.

Sasa fanya hivi:

1. Pasua mbao ya penseli kwa kisu, polepole, hadi kiini kionekane upande mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kisivunjike!
2. Unganisha betri, kichwa cha moja kiguse kitako cha nyingine. Zifunge kwa selotepu.
3. Waya wa kwanza utoke kitako cha betri hadi ubavuni mwa balbu.
4. Waya wa pili utoke ncha ya chini ya balbu hadi mwisho mmoja wa kiini. Uzungushie na kuukaza.
5. Waya wa tatu utoke kichwa cha betri. Ncha yake nyingine telezesha juu ya kiini.

Ukigusa karibu na waya wa pili, balbu yawaka sana. Ukisogea mbali, mwanga wafifia. Umeme unapopita kwenye grafiti ndefu zaidi, ukinzani huongezeka na mkondo hupungua. Kanuni hii aliichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Tuseme ukinzani wote ni omu 10: volti 3 gawanya kwa 10 ni ampia 0.3. Ukiongeza omu 10 za penseli, mkondo wawa ampia 0.15. Haya ni makadirio, maana ukinzani wa uzi wa balbu hubadilika kadiri unavyopata joto.

Hata sauti ya redio za zamani huongezwa kwa mtindo huo: ukizungusha kitufe, kijichuma huteleza juu ya utepe wa kaboni.

Lakini msikimbilie kushangilia. Mkondo ukishuka nusu, betri hudumu zaidi, ila mwangaza haushuki nusu tu. Hushuka zaidi ya hapo, kwa sababu uzi uliopoa hutoa joto jingi na nuru kidogo. Sehemu ya nguvu pia hupotelea kwenye penseli kama joto. Kwa hivyo mwanga hafifu ni wa kutafutia kiatu, si wa kudurusu. Ukiusomea utachosha macho, na hutakuwa umeokoa kitu. Tochi za LED za siku hizi hutumia ujanja mwingine: taa huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa sekunde, jicho lisitambue.

Onyo moja, na tafadhali lishikeni. Kazi hii ni ya betri pekee. Umeme wa ukutani ni volti 240. Penseli yako itaungua na wewe utarushwa, pengine usiamke tena. Tena usiache waya wa kichwa cha betri uguse kitako chake, kwani zitapata moto na kuharibika.

Haya basi, kazi kwenu. Anayejua Kiswahili kizuri zaidi cha kile kiini cheusi atuletee mkutanoni tukijadili!