Kumbukumbu za Shule Uvira: Neno kama Shahidi

Mtu mzima wa Uvira akisimulia utoto wake husema kwamba alikuwa akienda "ku masomo". Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu hudhani msimulizi anataja mambo aliyofundishwa, kumbe anataja mahali: jengo, uwanja, kengele na mwalimu mlangoni. Makala haya yanaeleza jinsi maneno ya namna hiyo yanavyoonyesha wakati na mahali pa utoto unaosimuliwa, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika.

Tabaka la kwanza ni la misheni. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianzisha kituo cha Kibanga, kusini mwa Uvira, na miongoni mwa watoto waliolelewa huko walikuwamo waliokombolewa utumwani. Mwaka 1921 wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden walifika Uvira yenyewe. Katika vituo vya aina hiyo, kujifunza herufi na kujifunza dini vilikwenda pamoja.

Tabaka la pili ni la Kifaransa. Mtoto aliyezungumza Kivira, Kifuliiru au Kibembe nyumbani alikutana na Kiswahili katika madarasa ya chini, kisha Kifaransa akipanda juu. Huko ndiko yalikotoka "kaye" aliyoandikia, "tablo" aliyoikodolea macho na "minervali" ambayo mzazi alilipa. "Proklamasio" ilikuwa siku ya kutangaza matokeo: majina na asilimia vilisomwa mbele ya wazazi. Katika shule nyingi za Kongo kulikuwa pia na "simboli", kitu alichokabidhiwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani, naye alikihifadhi mpaka amnase mwenzake. Aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa.

Tabaka la tatu ni la utawala wa Mobutu. Nchi iliitwa Zaire mwaka 1971, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Kwa hiyo mtoto yuleyule aweza kuonekana kwa majina mawili katika daftari za shule. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za misheni. Mwaka 1977 uendeshaji wake ulirudishwa kwa makanisa. Msimulizi anayetaja "salongo", neno la Kilingala kwa kazi ya pamoja ya lazima, aghalabu anakumbuka miaka hiyo.

Tabaka la nne limeletwa na ukimbizi. Vita vilipofika Uvira mwezi wa Oktoba 1996, wengi walivuka ziwa hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Shule za Wakongomani kambini zilifuata mtaala wa Kongo, ila nje ya darasa mtoto alisikia Kiswahili cha Tanzania. Ndiyo maana katika nyumba moja mkubwa aweza kusema "kaye" na mdogo wake "daftari". Mmoja aweza kuita samaki yuleyule "ndagala" na mwingine "dagaa". Hata hivyo neno moja pekee halitoshi kuwa ushahidi, maana Biblia na redio navyo vimeeneza Kiswahili sanifu. Kazi ya neno ni kumwelekeza mkusanyaji kwenye swali la kuuliza.

Hapa ndipo lilipo jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili anayetumwa kukusanya masimulizi. Akiona "kaye" akaandika "daftari", akiona "ku masomo" akaandika "shuleni", atadhani amesahihisha lugha, kumbe amefuta habari. Aliyebaki Uvira na aliyekulia kambini watasomeka kama mtu mmoja.

Hasara hiyo si ndogo mahali ambapo karatasi hazidumu. Mafuriko ya mto Mulongwe, mwezi wa Aprili 2020, yalibomoa nyumba nyingi za Uvira, na nyumba ikichukuliwa na maji, vyeti, buletini na picha za darasa huenda nayo. Kinachobaki ni kinywa cha msimulizi. Inafaa basi maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, na maana ya Kiswahili sanifu iwekwe pembeni kwa faida ya msomaji wa mbali. Maelezo yaweza kuongezwa wakati wowote. Neno lililofutwa, mwenyewe akishafariki, hapana wa kulirudisha.