Mgeni wa Basra kwenye Wavu wa Ngulia

Nilikwenda Tsavo Magharibi kutafuta habari za tembo. Nikarudi na habari za ndege anayeenea kiganjani.

Ulikuwa msimu wa vuli, usiku usio na mwezi, na ukungu umelalia ukingo wa mlima hata taa za hoteli ya Ngulia zikaonekana kama zimezamishwa kwenye tui. Ndege wakishuka humo kama makapi yanayopepetwa. Ajabu hii ilianza kuonekana hoteli ilipofunguliwa mwaka 1969: wahamaji wa usiku kutoka Ulaya na Asia, wakikosa nyota, huzifuata taa. Wataalamu wa ndege Graeme Backhurst na David Pearson ni miongoni mwa waliowanasa kwa nyavu na kuwavisha pete tangu mapema, na watu wa kujitolea wameendelea kurudi Novemba na Desemba.

"Mshike hivi, mwanangu," aliniambia mama mmoja wa makamo, aliyeomba nisimtaje jina. Shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukiegemea kiganja, bila kubana. Niliuhisi moyo wa ndege kabla sijamwona vizuri. Haukuwa ukidunda, ulikuwa ukitetema. Kahawia juu, tumbo jeupe, mdomo mrefu mwembamba. Mama akampima bawa kwa rula, akapuliza manyoya ya kifuani kutazama akiba ya safari chini ya ngozi, mafuta ya manjano kama samli. Kisha koleo, na pete ya alumini yenye namba na jina la makumbusho ya Nairobi. Mguu wenyewe ni mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Huyu ni wa Basra," akasema, na sauti yake ikashuka. Mifuko ya nguo tuliyowatia baada ya kuwatoa wavuni ilikuwa imejaa ndege. Wa Basra alikuwa huyo mmoja.

Karibu ndege wote wa aina hii huzaliana katika matete ya vinamasi vya kusini mwa Iraki, jirani na Basra, yale ambayo serikali ya Saddam Hussein iliyakausha kwa mifereji na kingo baada ya uasi wa 1991. Mwaka 2003 wenyeji walizibomoa kingo, maji yakarudi, matete yakaota tena, ingawa si yote. Sasa adui ni ukame na mabwawa yaliyo juu zaidi kwenye mito inayoleta maji. (Ni vinamasi hivyohivyo walimojificha watumwa wa Kiafrika walioitwa Wazanji, walipoasi mwaka 869. Njia ya kutoka kwetu hadi Basra ni ya zamani.)

"Watu husema tunahesabu ndege," alisema Mama. "Mimi nahesabu matete ya watu wengine. Siwezi kwenda Iraki kupanda hata unyasi mmoja. Lakini kule yakikauka, wavu wangu utaniambia."

Kutoka Ngulia ndege wa Basra huenda kusini, hadi Msumbiji, wakitafuta vichaka na nyasi ndefu karibu na maji. Nasi huko ndiko tunakolima.

"Na hizi taa, Mama? Si ndizo zinazowapoteza?"

Alikaa kimya kidogo. "Zinawapoteza. Tukizizima watapita, na hatutajua lolote."

"Kwa hiyo ni sawa?"

"Sijasema ni sawa. Nishikie mfuko huo."

Kulipopambazuka nilifungua vidole. Ndege akakaa kiganjani kitambo, kama anayekumbuka kitu, kisha akaingia kichakani, chini chini. Aliniachia tone jeupe kwenye mkono wa sweta. Nilipogeuka kumwonyesha Mama, mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mfuko mwingine.