KUTOKA DAR ES SALAAM HADI JEDDAH: UMBALI, MUDA NA MIQAAT



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wapenzi wanafunzi na wazazi, kila msimu wa Hijja ukikaribia watoto hutuuliza darasani: "Ustadhi, Jeddah ni mbali kiasi gani?" Tumeona tujibu hapa, kwani ndani ya jibu hilo mna jiografia, hesabu na fiqhi.

Chukueni ramani. Wekeni kidole Dar es Salaam, kisha mkipandishe moja kwa moja kaskazini. Kitafika Jeddah. Miji hii miwili ya pwani ipo karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 Mashariki. Saa za Tanzania na Saudi Arabia nazo ni sawa, hivyo hujaji habadilishi saa yake anapofika.

Umbali wa angani ni takriban kilomita 3,150. Ndege kubwa ya abiria huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa. Gawanyeni, mtapata saa 3 na dakika 42 hivi. Ongezeni muda wa kupaa na kutua, safari inakuwa ya saa 4 na zaidi. Anayepitia Dubai huruka zaidi ya kilomita 5,600, na bado atangoje ndege ya pili. Sisi wa Dodoma tunaanza na kilomita 450 hivi za barabara hadi Dar es Salaam, au treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria wa Dodoma mwaka 2024.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Mtume (S.A.W.) ameweka miqaat, yaani mipaka ambayo mwenye nia ya Hijja au Umra haivuki bila ihramu. Anayetoka kwetu moja kwa moja hukabili Yalamlam, na anayetokea Dubai hukabili Qarnul-Manaazil. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, mipaka hii hufikiwa ndege ikiwa bado angani, kabla ya Jeddah.

Kilomita 850 kwa saa ni kilomita 14 kila dakika. Ukisinzia dakika 10 umepita kilomita 140, karibu sawa na Dodoma hadi Manyoni. Aliyevuka bila ihramu na asirudi, huwajibika kuchinja.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alitusimulia kuwa aliweka shuka zake za ihramu kwenye begi kubwa. Tangazo la miqaat lilipotolewa, begi lilikuwa chini kwenye tumbo la ndege. Ikambidi atie nia akiwa na kanzu yake, kisha akabadilisha alipofika na kutoa fidya.

Basi wazazi wetu mnaojiandaa, shuka ziwe kwenye mkoba wa mkononi, au zivaliwe kabla ya kupanda ndege. Kuvaa shuka peke yake si ihramu. Ihramu ni nia, nayo hutiwa inapofikiwa miqaat au kabla kidogo kwa tahadhari. Nanyi wanafunzi, mkimsindikiza babu au bibi, mkumbusheni hayo kabla hajafunga begi.

Tunamuomba Allah atujaalie sote kuifikia Nyumba yake tukufu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.