Tafrija ya Kiangazi Chini ya Milima ya Virunga

Nchi iliyo karibu na mstari wa ikweta haina majira ya joto kama yale ya Ulaya, ambako watu huvumilia baridi miezi mingi hata jua lirudi ndipo watoke majumbani mwao. Goma, ambayo ipo kusini mwa ikweta kwa umbali usiotimia digrii 2, na juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,450, hukaa katika hali moja ya ujoto karibu mwaka mzima, na kinachoutenga msimu na msimu huko ni mvua. Ukanda wa mvua hulifuata jua liendako. Basi mwezi wa Juni, jua likiwa limefika upeo wake wa kaskazini, ukanda huo huhama pamoja nalo, na pepo kavu za kusini-mashariki hushika zamu hata karibu na mwisho wa Agosti. Katika muda huohuo shule za Kongo hufungwa, kuanzia mapema Julai hata mapema Septemba, na maharagwe ya msimu wa pili huwa yamekwisha vunwa. Wasaa, njia kavu na chakula ghalani havikutani mara nyingi katika maisha ya mkulima, na jamii inayotaka kuwapa watoto wake tafrija haina wakati bora kuliko huu.

Kalengera ni kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, baina ya Rumangabo na Rubare, mahali ambapo njia ya Tongo huchepuka kuelekea magharibi. Mbele ya macho ya wakazi wake imesimama milima ambayo wageni wamevuka bahari ili kuitazama: Mikeno, wenye mita 4,437, na milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira. Pamoja na hayo, wapo vijana wengi waliozaliwa na kukulia chini ya milima hiyo ambao hawajaambiwa kwa nini ardhi yao ni nyeusi, wala kwa nini mto haupiti mlangoni mwao. Rai yangu katika makala haya ni kwamba matembezi ya kiangazi yaanze na vilivyo karibu, na kwamba anayewaongoza watoto ajue kwanza tabia ya nchi anayowapitisha, maana katika nchi ya moto furaha na hatari hutoka katika asili moja.

Mahali pa kwanza ni Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Hifadhi hiyo ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa katika bara la Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 7,800, na tangu mwaka 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Rumangabo kuna kituo cha Senkwekwe, ambamo sokwe wa milimani, ndio ngagi kwa lugha ya watu wa Bwisha hapa Rutshuru, walilelewa baada ya kuachwa yatima na majangili. Mmoja wao, Ndakasi, aliokotwa mwaka 2007 akiwa mtoto wa miezi miwili, ameushikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Akaishi katika malezi ya walinzi wa hifadhi hata alipofariki tarehe 26 Septemba 2021. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika kazi ya kuilinda Virunga, na mtoto anayesimuliwa habari za Ndakasi yafaa asimuliwe na habari za watu hao, kwa kuwa wengi wao walizaliwa katika vijiji vya jirani na kijiji chake. Ziara ya namna hii haifanywi bila ya idhini: mwalimu au mzee wa kijiji awaendee mapema wakuu wa hifadhi, aulize kama njia ni salama na kama wageni wanapokewa, na mtoto mwenye mafua abaki nyumbani, kwa sababu maradhi mepesi ya binadamu huweza kumwua sokwe.

Mahali pa pili ni Tongo, na hapa naomba ruhusa ya msomaji nikae kidogo, maana msitu wa Tongo hufundisha jambo ambalo kila mwanamke wa Kalengera analijua mgongoni mwake. Msitu huo umeota juu ya lava ya kale, na lava ni jiwe lenye matundu na nyufa zisizohesabika. Mvua inyeshayo juu yake, hata ikiwa nyingi, haitiririki na kufanya kijito. Huzama mara moja ikaenda chini sana, isipatikane ila mbali, mahali ambapo mawe ya lava yanakoma na chemchemi kutokea. Sokwe mtu wanaoishi katika msitu huo, wakiwa wamezungukwa na mashamba na mabaki ya lava, hawana mto wa kunywea wakati wa kiangazi. Wao huchimba ardhini, wakang'oa mizizi minene yenye majimaji, wakaitafuna kwa ajili ya kiu. Wataalamu walioanza kuwazoeza sokwe hao kutazamwa na watu katika miaka ya 1980 waliliona jambo hilo wakastaajabu. Mtoto akioneshwa shimo lililochimbwa na mnyama mwenye kiu, kisha akaoneshwa jiwe la lava lililovunjwa na matundu yake, atafahamu kwa nini mama yake hutoka alfajiri na bidoni kutafuta maji, na pengine elimu ya namna hiyo haitamtoka tena.

Lava hiyohiyo ndiyo iliyoumba mahali pa kuchezea. Nyamulagira, uliomwaga lava mara nyingi kupita milima mingi ya Afrika, ulitoa mwaka 1938 mkondo uliosafiri hata ukaingia katika Ziwa Kivu karibu na Sake. Na Nyiragongo, ambao lava yake ni nyepesi mno kwa uchache wa silika, uliteremsha moto kwa kasi ya kutisha tarehe 10 Januari 1977, ukaipasua Goma katikati tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 lava yake ikasimama ukingoni mwa mji. Vijana wa leo wanapiga mpira juu ya ardhi iliyokuwa moto baba zao walipokuwa vijana. Ningependa walimu wawapeleke watoto kwenye kingo za lava ya 2002 na ya 2021, wawaoneshe majani ya kwanza yaliyoshika juu ya jiwe tupu na namna udongo unavyoanza upya. Ziara hiyo haina gharama ila ya viatu vigumu, maana jiwe hilo hukata kama kisu.

Wakazi wa Kalengera wakipata gari la kuaminika, watataka kufika ziwani, nami siwalaumu. Kivu ni ziwa la kilomita za mraba zipatazo 2,700, lenye kina cha mita 485 penye kina kikubwa. Halina mamba wala viboko, na maji yake ya juu ni matulivu na ya kupendeza mwili. Wengi huogopa wasikiapo kwamba chini yake kumefungwa gesi, nayo ni kweli: kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani zimeyeyuka katika maji ya vilindi. Lakini gesi hiyo imekandamizwa na uzito wa maji, tena maji ya chini yana chumvi nyingi, yakawa mazito kuliko ya juu, wala hayachanganyiki nayo kwa urahisi. Upepo wa kiangazi huvuruga tabaka la juu peke yake, usifike huko. Mwogeleaji, basi, hana sababu ya kuiogopa gesi ya vilindini. Cha kuogopwa ni ufuo wenyewe, kwa kuwa lava iliyoingia ziwani ilisimama ghafula, na mtoto anayekanyaga jiwe kwa mguu wa kulia huweza kukosa chini kwa mguu wa kushoto. Ichaguliwe pwani yenye mteremko wa polepole, ifungwe kamba kuonesha mpaka, na mtu mzima ajuaye kuogelea asimame majini muda wote. Safari ya boti isifanywe ila kwa koti la kuokolea kwa kila roho: tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, ikiwa imejaza abiria kupita uwezo wake, ilizama mbele ya bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu, na waliopotea walikuwa wengi.

Kuna gesi nyingine isiyo ya ziwani, nayo yastahili hadhari kubwa zaidi. Katika nchi iliyo baina ya Goma na Sake, mahali pengi kaboni dayoksaidi hutoka katika nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hutuama katika mashimo na mabonde madogo. Hayo ndiyo mazuku. Hayana rangi, na aghalabu hayana harufu. Mbuzi aliyeingia hulala asiamke, na mtoto, ambaye pua yake i karibu na ardhi, hupatwa kabla ya mtu mzima aliyesimama kando yake. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, gesi huongezeka. Mchana, upepo ukivuma, hupungua. Kwa hiyo kundi lisipige kambi bondeni, lisilale chini penye shimo, lisiwaruhusu watoto kujificha mapangoni katika mchezo, na likiona ndege au panya waliokufa pamoja mahali pamoja bila ya jeraha, lipande juu mara moja. Wenyeji wa mahali hapo huyajua mashimo yao. Kuwauliza ni wajibu wa kiongozi wa msafara.

Msomaji atasema kwamba nazungumza habari za tafrija katika nchi iliyojeruhiwa. Ni kweli kwamba vita vya waasi wa M23 viliwaka upya mwishoni mwa mwaka 2021 katika Rutshuru, kwamba Goma yenyewe ilitwaliwa Januari 2025, na kwamba watoto wengi wa barabara hii wamelala kambini zaidi kuliko walivyolala kwao. Kwa ajili hiyohiyo naandika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi hii iliuridhia mwaka 1990, umetaja katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza, wala haukusema kwamba haki hiyo hungoja amani. Vita hubadili tu mahali pa kuitekeleza: njia ikiwa mbaya, safari ya mbali iahirishwe bila ya majuto, watoto wapite katika vijia vinavyokanyagwa kila siku, na wafundishwe kutogusa chuma chochote wasichokijua, maana mabomu yasiyolipuka hukaa majanini miaka mingi.

Mwaka ambao njia zimefungwa, uwanja wa kijiji watosha. Kuna kandanda, bila shaka, na kuna nzango, mchezo wa wasichana wa kurukaruka, kupiga makofi na kutupa mguu mbele ya mwenzako, ambao kwa hesabu zake za mguu na mguu hunoa akili sawa na viungo. Kuna igisoro, mchezo wa mashimo na kete ambao wazee wa Bwisha huucheza kwa wepesi unaowashinda vijana. Ningefurahi kuona mashindano yake yakiwaketisha babu na mjukuu ubaoni. Kuna chukudu, baiskeli ya mti isiyo na kanyagio, ambayo wakubwa huteremshia mamia ya kilo za viazi na makaa kutoka Kibumba hadi Goma. Watoto hujitengenezea ndogo, na mbio za chukudu katika mteremko uliofungwa kwa magari huvuta kijiji kizima. Vyama vya vijana, yaani maskauti, Kiro na Xaveri, vina watu waliozoea kupanga siku za namna hii, na parokia au shule isiyo na mtu wa kuongoza yaweza kuwaomba.

Limebaki jambo la maji, nalo laweza kuivunja siku nzima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini jana yake, hata yakiwa yametekwa mahali panapoonekana safi, kwa kuwa kipindupindu hakijauacha mkoa huu. Mwezi wa Julai 1994, katika kiangazi kama hiki, kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma. Na kwa kuwa kiangazi huifanya chemchemi kuwa mbali zaidi, wasichana ndio hukosekana katika msafara, kila mmoja akiwa amekwenda na bidoni yake wakati kaka yake anapanda gari. Nimeona orodha za matembezi zilizoandikwa kwa nia njema ambazo majina ya wasichana ndani yake hayakufika robo. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kutangaza siku, kamati ya kijiji ipange zamu ya kuteka maji, wavulana na baba zao wateke jioni ya kutangulia kiasi cha kutosha nyumba zote zenye wasafiri, na gari lisiondoke mpaka pipa la kila nyumba limekaguliwa kuwa limejaa.