Chupa tupu zaweza kuleta fedha Kisanga, hesabu ikitangulia

KWA mkulima wa kata ya Kisanga, wilayani Kilosa, sikukuu za Desemba hufika wakati ghala limeshapungua. Mavuno yaliyopita yameuzwa au yanaliwa, mvua zikianza kuna mbegu za kununua, na Januari watoto wanahitaji sare na madaftari. Mwezi huohuo wenye fedha Mikumi, Morogoro na Dar es Salaam hununua vitu vya kupambia nyumba, hoteli na kumbi. Baadhi ya mapambo hayo yanaweza kutengenezwa kwa kitu ambacho kijijini hutupwa shimoni, yaani chupa ya kioo.

Biashara hii si ngeni Afrika Mashariki. Mjini Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, hugeuza chupa kuukuu kuwa shanga, bilauri na mapambo ya nyumbani. Nchini Kenya, mafundi wa Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, ambako msanii Nani Croze aliweka makazi yake, wamefanya kazi ya namna hiyo kwa miongo kadhaa. Watalii hununua, na bidhaa moja huuzwa kwa bei ambayo chupa yenyewe isingeifikia kamwe.

Lakini hao wanayeyusha kioo. Kazi hiyo hutaka tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na mafundi waliofunzwa kwa muda mrefu. Kikundi cha wakulima wenye mtaji wa elfu hamsini hakina sababu ya kuanzia huko. Kinachowafaa ni kuiacha chupa na umbo lake na kuuza kazi ya mikono iliyoongezwa juu yake.

Chupa ipi ichukuliwe? Za bia na soda zinazorudishwa kiwandani ziachwe, kwani zina thamani yake tayari kwa mwenye kreti. Zinazofaa ni za mvinyo na pombe kali, na zile za mdomo mpana zilizokuwa na jamu, kahawa au siagi ya karanga. Chupa iliyowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu au magugu isiguswe kabisa, hata ikioshwa ikang'aa. Nyumba ya mkulima haikosi chupa za namna hiyo, na mnunuzi hawezi kujua pambo la mezani lilibeba nini mwaka jana.

Kuondoa karatasi ya lebo ni kazi ya usiku mmoja. Chupa hulowekwa katika maji ya moto kiasi yenye majivu au sabuni, na gundi inayobaki husuguliwa kwa mafuta ya kula kabla ya kuosha tena. Baada ya hapo kuna mambo mengi ya kufanya, lakini Kisanga ina faida katika moja. Wilaya ya Kilosa ina historia ndefu ya mashamba ya mkonge, na uzi wa mkonge uliozungushwa kwa unadhifu kwenye chupa hupendeza bila rangi yoyote. Ukitiwa ndani masuke ya mpunga au ya mtama yaliyokaushwa vizuri, chombo kinakuwa na sura ya mahali kilikotoka. Mgeni aliyetoka kutazama wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hatafuti pambo la plastiki ambalo angelipata popote.

Chupa ya mdomo mpana hufaa kuwa taa ya mshumaa. Mchanga mkavu uwekwe chini ili moto usipasue kitako, na mkonge ufungwe chini ya usawa wa mwali, la sivyo pambo litageuka chanzo cha moto.

Wengi hupenda kuanza kwa kukata chupa, na hapo ndipo hasara huanzia. Njia inayosimuliwa sana ni ya kufunga uzi uliolowekwa mafuta ya taa, kuuwasha, kisha kuitumbukiza chupa katika maji baridi. Hupasuka kweli, lakini mara nyingi si pale ulipofungwa uzi, kwa sababu unene wa kioo cha chupa haulingani pande zote. Fundi vioo mwenye kifaa cha kuchora mstari hufanya vizuri zaidi. Kingo husuguliwa kwa msasa wa maji, kioo kikiwa kimelowa, huku mdomo na pua vimefunikwa na macho yana miwani ya kinga, maana vumbi la kioo hudhuru mapafu. Anayeanza na asikate. Bidhaa kumi za kwanza zinaweza kuuzwa bila hata chupa moja kukatwa.

Sasa hesabu. Chukulia mtu anatengeneza taa 12 za mshumaa, kwa bei za mfano ambazo kila mmoja atazibadili kulingana na soko lake. Chupa za shilingi 200 kila moja ni 2,400. Mishumaa ya shilingi 300 ni 3,600. Mkonge na gundi 4,000. Rangi na utepe 3,000. Nauli ya kwenda sokoni na kurudi 5,000. Jumla ni shilingi 18,000. Mbili zikivunjika njiani, zinabaki 10, na kila moja imegharimu 1,800. Zikiuzwa kwa 3,000 zinaleta 30,000, yaani ziada ya 12,000. Ikiwa kazi ilichukua siku tatu, siku moja imelipa shilingi 4,000.

Fedha hiyo ilinganishwe na kibarua cha palizi katika kijiji hichohicho. Kama palizi inalipa zaidi, chupa zisubiri. Ndiyo maana kazi hii ni ya Agosti hadi Oktoba, baada ya mavuno na kabla ya jembe la mvua za vuli, ingawa mauzo ni ya Desemba. Anayeanza kutengeneza wiki ya Krismasi amechelewa kuuza, na pengine amechelewa shambani pia.

Katika hesabu hiyo nauli ndiyo inayoumiza kuliko chupa. Kwa taa 10 zinazouzwa, kila moja inabeba shilingi 500 za nauli. Majirani wanne wakimtuma mmoja na taa 40 kwa nauli ileile, kila taa inabeba 125 tu. Umoja wa namna hii una maana hata kabla ya kusajiliwa. Vikisajiliwa, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Hata hivyo, mkopo wa kununulia chupa tupu ungekuwa jambo la ajabu; labda wa kununulia vifaa, oda zikishakuwepo.

Oda hutafutwa kwa sampuli tatu au nne mkononi, kwenye hoteli na nyumba za wageni za Mikumi zilizo kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Mwenye hoteli anataka taa 20 zinazofanana, hivyo chupa zichaguliwe za aina moja tangu zinapokusanywa. Maonyesho ya Nanenane mjini Morogoro, mwanzoni mwa Agosti, ni mahali pengine pa kusikia wanunuzi wanasema nini kuhusu bei.

Neno "Krismasi" wala mwaka lisiandikwe kwenye kioo. Sikukuu za Idi huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na harusi hazingoji msimu wa mtu. Utepe mwekundu ukifunguliwa na wa kijani au wa dhahabu ukafungwa mahali pake, taa iliyobaki Desemba inauzika tena, mradi ilihifadhiwa kwenye boksi lenye majani makavu na si juu ya kabati ambako kuku hurukia.