Wimbo Huu ni wa Nani? Hakimiliki na Uhuru Wetu Mtandaoni

  Tangu muhula wa pili wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, "Ile video ya ngonjera yetu ilienda wapi?" Leo nitawajibu. Lakini jibu lenyewe halieleweki bila kuijua sheria ya hakimiliki, kwa hivyo vumilieni nikieleza yote mawili. Mvumilivu hula mbivu.

Nianzie mtaani kwetu Dallas, hapa mjini Embu. Tuna jirani, mama mmoja ambaye mchana huuza nyanya na jioni hufanya mazoezi ya nyimbo za Injili kwa Kiembu. Aliweka akiba kwenye chama mwaka mzima, akalipa studio shilingi 15,000 na kurekodi nyimbo sita. Haukuisha mwezi, akapita karibu na kibanda ambacho huwekea watu nyimbo kwenye flashi, akasikia sauti yake mwenyewe. Bei ilikuwa bob 50 kwa nyimbo mia moja, zake zikiwemo.

Akamwuliza mwenye kibanda, "Kijana wangu, hizi umezitoa wapi?"

"Mathe, si nimezitoa tu kwa mtandao? Huko ni bure."

"Hata shamba lisilo na ua lina mwenyewe," mama akamjibu, akaenda zake.

Siku hiyo nilikuwa upande wa mama moja kwa moja. Nilisema moyoni, watu kama hawa sheria iwashike! Sikujua kwamba kabla ya mwaka kuisha sheria hiyo hiyo ingetushika sisi.

Mnakumbuka ngonjera yetu ilikuwa na wimbo wa kienyeji nyuma yake. Aliyeuongoza ni cucu yangu. Wimbo huo alifunzwa na mama yake, naye alifunzwa na mama yake. Mwenzetu mmoja alirekodi kwa simu, akaiweka kwenye mtandao mmoja wa video. Baada ya siku tatu ukaja ujumbe kwa Kiingereza: video imeondolewa, kuna mtu anayedai kwamba wimbo ni wake. Tulipochunguza tukaona kuna mtu aliyewahi kuurekodi wimbo huo huo studio. Ujumbe ulikuwa na mahali pa kujibu. Hakuna aliyethubutu. Mmoja alisema ati tukijibu tutafungwa miaka mitano. Tukanyamaza. Baadaye tulipotaka kuitazama kwenye simu, tukaambiwa ilikuwa imefutwa ili kupata nafasi, kwa sababu "si iko mtandaoni?" Cucu bado yuko nasi, lakini tangu Aprili alipougua, koo lake halitoi tena sauti ile.

HAKIMILIKI NI NINI?

Hakimiliki ni haki anayopewa na sheria mtu aliyetunga kazi yake mwenyewe: shairi, wimbo, picha, filamu, hata programu ya kompyuta. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuruhusu kazi hiyo inakiliwe, iuzwe au ipeperushwe. Hapa Kenya sheria yenyewe ni ya mwaka 2001, na msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Haki hii huanza pale tu kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili KECOBO si lazima, ila husaidia kuwa na ushahidi siku ya kesi. Wazo tupu halina hakimiliki. Mimi nikiandika shairi kuhusu ukame, nawe unaweza kuandika lako kuhusu ukame, mradi usichukue maneno yangu.

Aidha, haki hii ina mwisho. Kwa maandishi na muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tuchukue mfano wa Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya sheria ya Kenya, miaka hiyo 50 ilitimia mwisho wa mwaka 2012.

Na wimbo wa cucu je? Nyimbo za jadi zina sheria yake ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Nyimbo hizo ni mali ya jamii. Anayeurekodi wimbo wa jadi studio anakuwa na haki juu ya rekodi yake, lakini hawi mwenye wimbo. Kwa hivyo cucu hakuiba chochote. Aliimba urithi wake.

SHERIA INAFANYAJE KAZI MTANDAONI?

Mwaka 2019 Bunge liliifanyia sheria ya hakimiliki marekebisho na kuleta jambo linaloitwa ilani ya kuondoa. Mwenye kazi akiona imewekwa mtandaoni bila ruhusa yake, humwandikia mtoa huduma za intaneti. Lazima aseme kazi ni ipi na iko wapi, na aape kwa hati ya kiapo kwamba haki ni yake. Mtoa huduma humjulisha yule aliyeiweka, na ndani ya saa 48 za kazi huifunga, isipokuwa apokee ilani ya kupinga. Anayedai kwa uongo naye anatenda kosa. Faini yake hufika shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitano. Kumbe ile miaka mitano tuliyoogopa ni ya mwongo, si ya mwenye kujibu kwa haki!

Sheria hii imewasaidia wenye kazi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kesi ya MultiChoice Kenya, ikaziamuru Safaricom na Jamii Telecommunications kufunga tovuti 44 zilizokuwa zikionyesha michezo bila ruhusa.

Lakini mitandao mikubwa ya video ni ya Marekani na hufuata sheria ya huko ya mwaka 1998. Hapa ndipo Dallas ya Embu inapokutana na ile Dallas nyingine. Kwa sheria hiyo, video huondolewa kwanza kisha maswali yakafuata. Ukipinga, unatoa jina lako, anwani yako na namba ya simu, na kukubali kwamba unaweza kushtakiwa katika mahakama ya Marekani. Mdai asipokwenda mahakamani, video hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Mara nyingine hata mtu hahusiki: mashine hulinganisha sauti na sauti, ikiona zinafanana hupiga filimbi kama refa. Mashine haijui cucu ni nani.

UHURU UNAGUSWA WAPI?

Katiba yetu ya mwaka 2010 ina mambo haya yote mawili. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Kifungu cha 40 kinaitaka Serikali ilinde mali ya ubunifu ya Wakenya. Mama wa nyanya anasimama kwenye kifungu cha 40. Cucu anasimama kwenye cha 33. Wote wawili ni wa mtaa mmoja.

Tatizo ni kwamba dai huondoa kazi kabla ya hakimu kusikiza upande wa pili. Mwanamuziki mkubwa ana meneja na wakili. Wimbo "Uno" wa Harmonize, uliotoka mwaka 2019, uliwahi kuondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake ulitumiwa. Baadaye ulirudi. Lakini mwanafunzi wa shule ya kutwa ambaye bando lake limeisha, akifungua simu tena huenda muda wa kupinga umekwisha. Kampuni nayo, ili isiingizwe kesini, huona heri kuondoa.

Hofu hii si yetu peke yetu. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga siku nzima kupinga miswada miwili ya Marekani ambayo ingeruhusu tovuti nzima kufungiwa kwa sababu ya hakimiliki. Miswada hiyo haikupita.

Hata hivyo, tusiione sheria kama ukuta mtupu. Ina milango. Inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa haki katika utafiti, kuihakiki au kutangaza habari, mradi umtaje mwenyewe. Mkusanyiko wa kusomea shuleni unaweza kuwa na vifungu viwili vifupi kutoka kazi moja. Fauka ya hayo, Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na marekebisho ya 2019 yakaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu au vya kusikiliza kwa ajili ya wasioona. Wenzetu wasioona, kama wale wanaosoma St. Lucy's kule Igoji, Meru, wanaguswa na mlango huo moja kwa moja.

TUFANYE NINI?

Mimi sisemi sheria ifutwe. Ikifutwa, mama wa nyanya atalipa studio ya nini? Ninasema tuijue, maana asiyejua haki yake hunyang'anywa hata iliyo mkononi.

Kwanza, tukitaka wimbo wa mtu, tumwombe ruhusa, na ruhusa iandikwe. Pili, kila kazi ya chama tuihifadhi mahali pawili kabla ya kuipeleka mtandaoni, pamoja na tarehe na majina ya waliotunga. Mtandao si sanduku la kuwekea mali ya pekee. Tatu, likija dai, tusinyamaze. Tumpelekee mwalimu mlezi siku hiyo hiyo, tusome, na kama kazi ni yetu tujibu. Kama si yetu, tuombe msamaha na kuitoa. Nne, nawaomba walimu wetu watualikie mtu anayeijua sheria hii aje atufunze, kama tunavyoalikiwa wa afya na wa benki.

Yule mama wa nyanya alirudi kwa mwenye kibanda. Hakumshtaki. Walielewana kwamba anayetaka nyimbo zake atazilipia kando, bob 20 kila wimbo, nusu iwe ya mama. Sijui kama kijana huhesabu vizuri, lakini mama anasema sasa hupata nauli ya kwenda mazoezini.

Nasi je? Jumamosi moja ya likizo nilienda kwa cucu na simu ya kuazima. Nilimwomba auimbe tena ule wimbo. Sauti haikutoka, lakini maneno yote aliyasema, ubeti kwa ubeti, nami nikayaandika kwenye daftari. Nilipomuuliza niandike jina la nani juu ya ukurasa, alicheka akasema, "Andika Waembu."

Nakala moja ya daftari hilo nimempa mwalimu mlezi wa chama. Anayetaka kujifunza wimbo huo aje, tutamfundisha bila malipo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu
Dallas, Embu