Mujinga si mjinga

Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam kuja kupakia shaba Kolwezi, Kongo, hushtuka mara ya kwanza anaposikia, sokoni Manika, mwanamke mzima akiitwa kwa heshima zote, "Mama Mujinga!" Naye mama huyo anageuka, anaitika, anaendelea kupima unga wake. Wengine hucheka. Na kwa kuwa kicheko hicho kinaweza kuwafanya wasichana wafiche jina lao shuleni, tuyapitie yanayosemwa.

"Mujinga maana yake mpumbavu." Uongo, na ni uongo unaoumiza. Kinachowachanganya watu kinajulikana: Kiswahili cha Kolwezi husema mutu, mutoto, mukubwa, kwa hiyo hata mjinga wa Dar es Salaam huku hutamkwa mujinga. Sauti zimegongana tu. Jina limetoka katika lugha za Waluba, kwenye kitenzi kujinga, yaani kuviringisha kitu kama kamba. Ndugu zake katika Kiswahili ni zinga na zingira. Ujinga haumo katika ukoo huo. Mujinga ni mtoto, hasa wa kike, aliyezaliwa uzi wa kitovu umemzunguka shingoni. Mkunga anaona kichwa kinatoka, anapitisha kidole chini ya uzi, anauvusha juu ya kichwa, mtoto analia. Jina limeshapatikana kabla baba hajafikiria lolote. Ndivyo ilivyo kwa Mbuyi na Kabanga, mapacha wa Waluba wa Kasai, na kwa Kanku anayezaliwa baada yao: mzazi hachagui, uzazi wenyewe ndio unaotaja.

Hata sheria iko upande wa jina hili. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, kinataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi, na kinakataza jina la kutukana au kudhalilisha. Mujinga ni urithi huo hasa.

"Kitovu shingoni ni ishara mbaya, mama aliruka kamba au aliinua mikono akiwa na mimba." Uongo. Mtoto hugeuka-geuka ndani ya maji ya tumbo, na uzi ukiwa mrefu humzunguka. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, 20 hadi 30 hivi hutoka hivyo, na walio wengi hawadhuriki. Mama hana kosa lolote. Mara chache uzi hukaza na mapigo ya moyo wa mtoto hushuka; hiyo ndiyo sababu ya kuzalia materinite, penye mtu anayejua kuusikiliza moyo huo.

"Kila Mujinga alizaliwa hivyo." Nusu kweli. Wengi wamepewa jina la bibi au shangazi, wakawa wajina wake. Ukimuuliza msichana wa leo habari za kitovu, huenda akakujibu kwamba kisa ni cha bibi yake, naye amebeba jina tu. Mimi naona hapo jina limepata uzito zaidi, maana linawashika watu wawili.

"Ni jina la wageni kutoka Kasai." Uongo. Ni kweli kwamba kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai kuja kuchimba madini ya Katanga, na familia zao zilikuja na majina yao. Lakini Waluba wa Katanga nao wanalo. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, Kolwezi ikiwemo, watu walipimwa kwa majina yao. Kumuuliza binti "wewe ni wa wapi?" kwa sababu tu anaitwa Mujinga ni kuamsha kidonda hicho.

"Jina hili halifai nje ya nchi." Mkimbiaji Mujinga Kambundji, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1992, baba yake Mkongo, amekimbia nalo hadi ubingwa wa dunia wa mita 60 ndani ya ukumbi, Belgrade mwaka 2022 na Nanjing mwaka 2025. Watangazaji wa mataifa mengi walilitamka.

"Mama Mujinga ni mama aliyemzaa Mujinga." Kwa Tanzania, kweli. Kolwezi inaweza kuwa hivyo, lakini mara nyingi Mujinga ni yeye mwenyewe, na "mama" ni heshima ya umri wake. Usimuulize mwanawe yuko wapi.

Kwa mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto komini ya Manika: sheria inakupa siku 90 tangu mtoto azaliwe. Soma cheti kabla hujaondoka dirishani. Liandikwe Mujinga, herufi 7, na u yake mahali pake.